Rangi ya gata na sura ya nyumba yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi huchagua rangi ya bati kwa majuma kadhaa, hubishana rangi ya ukuta mwezi mzima, kisha gata, ule mfereji wa maji ya mvua kwenye ukingo wa paa, wanamwachia fundi achukue itakayokuwepo dukani siku ile. Baadaye nyumba imekamilika, imependeza, lakini kuna kitu kinasumbua macho na mwenyewe hajui ni nini. Mara nyingi ni gata, na zaidi ya gata ni bomba la kushushia maji. Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila mara kwa wanaojenga na wanaokarabati. Majibu yamezingatia nyumba za huku kwetu: jua la utosini, masika, vumbi jekundu na, kwa walio pwani, chumvi ya bahari.

Gata ni kitu kidogo. Kweli rangi yake inabadilisha sura ya nyumba?

Inabadilisha, kwa sababu ya mahali ilipo. Gata hupita pale paa linapokutana na ukuta, na hapo ndipo jicho hupimia umbo la nyumba. Ukizunguka pande zote za nyumba ya vyumba vitatu, gata huweza kufika mita 40 au zaidi. Hakuna mstari mwingine wa rangi moja ulio mrefu hivyo kwenye jengo. Rangi yake ikipiga kelele, nyumba hukatwa vipande viwili, paa peke yake na kuta peke yake. Ikitulia, unaona nyumba nzima.

Gata ifuate rangi ya nini: paa, fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) au ukuta?

Ifuate fisha bodi, na fisha bodi nayo ichukue rangi yake kutoka kwenye paa. Huo ndio msimamo wangu kwa nyumba nyingi za bati, na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba gata imefungwa juu ya fisha bodi yenyewe. Vikiwa rangi moja, macho huviona kama kitu kimoja, ukingo wa paa wenye unene mzuri. Vikitofautiana, unapata michirizi mitatu inayofuatana ndani ya nafasi ndogo: bati, gata, ubao. Nyumba ndogo haibebi michirizi yote hiyo.

Ya pili watu hawaifikirii mpaka waione. Gata lazima ishuke kidogo kuelekea kwenye bomba, la sivyo maji yatatuama na mbu watazaliana. Ikishuka milimita 3 kwa kila mita, gata ya mita 12 itakuwa chini kwa milimita 36 upande mmoja kuliko mwingine. Fisha bodi haishuki, imenyooka. Sasa weka gata nyeusi juu ya ubao mweupe: mtu aliyesimama getini ataona gata imepinda, na atamlaumu fundi aliyefanya kazi yake sawasawa. Gata na ubao vikiwa rangi moja, mteremko huo hauonekani kabisa.

Kufuata rangi ya ukuta kunafaa pale tu ambapo paa halionekani kutoka chini, au ukuta ni mrefu wa ghorofa na unataka sehemu ya juu ipotee. Kwa nyumba ya chini yenye paa la mgongo linaloonekana vizuri, gata yenye rangi ya ukuta huning'inia kama kitu kilichosahaulika.

Na mabomba ya kushushia maji, nayo yawe rangi ya gata?

Hapana, na hapa ndipo nyumba nyingi nzuri zinapoharibiwa. Gata hukaa karibu na paa, kwa hiyo inavaa rangi ya paa. Bomba hupita juu ya ukuta kutoka juu mpaka chini, kwa hiyo livae rangi ya ukuta.

Dukani gata na bomba huuzwa pamoja kwa rangi moja, na fundi huvifunga hivyo hivyo. Ukuta wa krimu ukipata bomba la chokoleti kila kona, na jingine katikati ya baraza kwa sababu ndipo tanki lilipo, mgeni anayeingia getini hukutana na bomba kabla ya mlango. Mpakaji akilipitia bomba hilo kwa rangi ya ukuta siku ileile anayopiga mkono wa mwisho, linapotea. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida, nami ningependa kila mwenye nyumba amdai mpakaji wake jambo hili hata kama hatafuata ushauri mwingine wowote uliopo hapa.

Kiungo kinachotoka kwenye gata na kurudi ukutani, ile sehemu iliyopinda chini ya upenu, iache rangi ya gata. Rangi ya ukuta ianzie pale bomba linapogusa ukuta. Na kama chini ya ukuta umepaka mkanda wa rangi nzito ili tope lisionekane, bomba nalo lifuate mkanda huo likifika pale.

Mahali pa bomba pana nguvu kuliko rangi yake. Liweke kwenye kona ya ndani, au nyuma ya nguzo, au upande ambao jua halipigi moja kwa moja mchana. Bomba lililo kwenye jua hutoa kivuli chake ukutani, na kivuli hakipakwi rangi.

Paa langu ni damu ya mzee na kuta ni krimu. Nichague nini?

Damu ya mzee kwa gata na fisha bodi, krimu kwa mabomba. Mchanganyiko huu umejaa kuanzia Mbagala hadi Kitengela na unafanya kazi vizuri, kwa sababu krimu ina joto kidogo ndani yake na inapatana na wekundu.

Kosa la kawaida hapa ni gata nyeupe pee. Nyeupe iliyo safi karibu na krimu huifanya krimu ionekane chafu, kana kwamba ukuta haujapakwa miaka mingi. Ukitaka gata ya rangi nyepesi kwenye nyumba ya krimu, tafuta ile yenye manjano kidogo ndani yake. Ukiikosa, chokoleti inakubalika, hasa kama fremu za madirisha ni za aluminiamu ya kahawia.

Paa la kijivu cha mkaa, kuta nyeupe, madirisha meusi?

Una chaguo mbili na zote nzuri. Gata ya kijivu kilekile cha bati hutuliza nyumba. Gata nyeusi inayorudia weusi wa madirisha huipa mistari mikali zaidi, mtindo unaopendwa sasa. Nisichokishauri ni kijivu cha tatu. Gata za plastiki, yaani PVC, za kijivu zinazouzwa madukani mara nyingi ni kijivu chepesi chenye ubuluu, na zikikaa chini ya bati la mkaa huonekana kama bomba la maji machafu lililopanda juu. Kijivu kikitofautiana kidogo tu na kijivu kingine, macho yanaona kosa. Kikitofautiana sana, yanaona chaguo.

Bati langu ni la kijani, na jirani yangu ana la bluu. Gata za rangi hizo zinapatikana?

Za PVC ni nadra. Nyingi huja nyeupe, kijivu, kahawia au nyeusi. Za bati zinapatikana, kwa sababu viwanda vinavyotoa bati za rangi hukunja gata kutoka kwenye koili (roli la bati) ileile. Omba gata, kofia za paa na bati zote kwenye oda moja.

Ikishindikana, kijani hukubali kahawia iliyoiva bila ugomvi wowote. Angalia mti: majani na shina vimekaa pamoja tangu zamani. Bluu ni ngumu zaidi. Kahawia chini ya bluu hugombana nayo, kwa hiyo nenda na nyeupe ikiwa kuta ni nyeupe, au kijivu kilichoiva ikiwa kuta zina rangi.

Bati langu ni la kawaida, lisilopakwa rangi. Nifanyeje?

Gata za bati lilelile lisilo na rangi zinatosha, na wala hazina aibu. Baada ya misimu michache mng'ao hupungua na vyote viwili vinakuwa kijivu tulivu. Kama unapanga kupaka paa baadaye, subiri upake gata siku hiyohiyo. Gata ya rangi kali chini ya bati tupu huonekana kama nyumba iliyoishiwa fedha katikati ya kazi.

Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma au ya mawe, haina rangi ya kupaka. Nifuate nini?

Matofali ya kuchoma, kama yanavyotumika sana Iringa na Mbeya, yana rangi nyingi ndani ya ukuta mmoja: chungwa, nyekundu, kahawia, hata weusi wa moto. Usijaribu kuifuata rangi ya tofali lenyewe kwenye gata, hutaipata. Chagua rangi nzito iliyomo ndani yake, yaani kahawia iliyoiva au karibu na nyeusi, na bomba nalo liwe hivyo. Hapa kanuni ya bomba kufuata ukuta inatimizwa kwa rangi nzito, maana bomba lililopakwa rangi ya tofali hubaki kuonekana la bandia.

Mawe ya kijivu ya Ndarugo, yanayojengea nyumba nyingi za Nairobi na Kiambu, yanataka kijivu au nyeusi. Mawe ya Mazeras yana manjano na kahawia ndani yake, nayo yanapenda chokoleti. Gata nyeupe kwenye ukuta wa mawe inafaa tu pale ambapo fremu za madirisha na nguzo za baraza ni nyeupe pia, ili weupe uwe na wenzake.

Nimejenga nyumba ya kisasa yenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Swali la gata linanihusu?

Gata haikuhusu kwa rangi, kwa sababu imo ndani na haionekani. Inakuhusu kwa uvujaji, tena sana: gata ya nje ikiziba humwaga maji chini, gata ya ndani ikiziba humwaga sebuleni. Hakikisha kila upande una tundu la dharura linalotokeza nje ya ukuta, chini kidogo ya kimo ambacho maji yangeanza kuingia ndani.

Kinachobaki kuonekana ni mabomba, na kwa nyumba hizi kuta ndizo kila kitu. Yapake rangi ya ukuta bila mjadala. Ukibahatika kuwahi kabla ya plasta, mwombe msanifu ayapitishe upande wa nyuma. Kuyazika ndani ya ukuta sikushauri, kwa kuwa siku bomba likipasuka utavunja ukuta kulitafuta.

Gata nyeusi au za kahawia nzito huharibika kwa jua?

Rangi nzito hunyonya joto zaidi, na joto hurefusha kila kitu. PVC hurefuka takriban milimita 0.06 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya joto. Chuma ni 0.012, aluminiamu 0.024. Fanya hesabu ya gata ya mita 12 inayopanda kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri ya baridi na saa nane mchana: PVC itarefuka karibu milimita 29, aluminiamu 11 na nusu, bati la chuma chini ya milimita 6.

Milimita 29 ni karibu sentimita 3. Fundi asipoacha nafasi kwenye viungo, gata itajikunja kama wimbi au kiungo kitafunguka, na mvua ya kwanza itaonyesha. Kwa hiyo ukitaka gata nyeusi, chagua ya bati au aluminiamu. Ukiwa na PVC peke yake sokoni, chukua rangi nyepesi, au hakikisha fundi anafuata alama za nafasi zilizochorwa ndani ya viungo na kuweka vishikizo kwa karibu. PVC ya kawaida huanza kulainika ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na kitu cheusi kilichokaa kwenye jua la Dodoma mwezi Oktoba hakipaswi kusogezwa karibu na huko.

Nyeupe haichafuki?

Inachafuka. Swali lenye maana ni uchafu wa namna gani. Kule Arusha, Moshi, Kiambu na kokote kwenye udongo mwekundu, vumbi hutua juu ya paa, mvua ya kwanza hulisukuma ndani ya gata, na kinachofurika hushuka usoni mwa gata kwa michirizi ya rangi ya udongo. Kwenye nyeupe michirizi hiyo inaonekana kutoka mbali. Kwenye kahawia huioni. Pwani, ambako shida ni unyevu zaidi kuliko vumbi, kinachoota ni ukungu wa kijani na mweusi, hasa upande wenye miti.

Nyeupe ina sifa yake pia. Inapata joto kidogo, na ile titani dioksidi inayoifanya PVC iwe nyeupe huikinga plastiki dhidi ya miale ya jua. Ukiwa tayari kuifuta kwa maji ya sabuni kabla ya masika na kabla ya vuli, itakaa vizuri. Ukijua hutaifuta, usiinunue.

Rangi gani hupauka haraka?

Nyekundu zinazong'aa, chungwa na manjano kali ndizo za kwanza. Wekundu wa udongo na kahawia hudumu, kwa kuwa rangi zake hutoka kwenye oksidi ya chuma, ambayo jua haliiwezi kirahisi. Nyeusi na kijivu vinavyotokana na masizi ya kaboni navyo ni imara.

Utajua rangi ya bati inachoka ukipitisha kitambaa cheusi juu yake. Kikitoka na unga wa rangi, gamba la juu limeanza kuliwa na jua. Upande unaotazama magharibi huwahi kuliko mingine, kwa hiyo pima hapo.

Paa langu lina miaka kumi na limepauka. Nikinunua gata za jina lilelile la rangi, zitafanana?

Hazitafanana. Gata mpya itakuwa nzito na yenye mng'ao, paa limechoka juu yake. Usitafute rangi ambayo paa lilikuwa nayo; tafuta inayokaa vizuri na paa lilivyo leo. Mara nyingi ni rangi iliyo hatua mbili nzito zaidi ndani ya ukoo uleule: paa la udongo uliopauka na gata ya chokoleti, paa la kijani kilichofifia na gata ya kahawia nzito. Tofauti iliyo wazi hupendeza kuliko kufanana kulikokosewa kidogo.

Kama una mpango wa kupaka paa upya ndani ya mwaka, ahirisha rangi ya gata. Funga gata za bati, kisha pakeni vyote pamoja.

Namba za RAL ni nini, na zinanisaidia vipi?

Ni utaratibu wa kutaja rangi kwa namba, ulioanza Ujerumani mwaka 1927 ukiwa na rangi 40. Viwanda vingi vya bati huutumia. Tarakimu ya kwanza hutaja ukoo: 3 ni nyekundu, 5 bluu, 6 kijani, 7 kijivu, 8 kahawia, 9 nyeupe na nyeusi. Zile utakazokutana nazo sana ni 3005 kwa damu ya mzee, 3009 kwa nyekundu ya udongo, 8017 kwa chokoleti, 7016 kwa kijivu cha mkaa, 6005 kwa kijani kilichoiva, 9005 kwa nyeusi.

Faida yake ni kwamba "chokoleti" ya muuzaji mmoja si chokoleti ya mwingine, lakini 8017 ni 8017, na duka la rangi linaweza kukuchanganyia ya fisha bodi na ya bomba kwa namba hiyo. Hata hivyo, koili za vipindi tofauti huweza kupishana kidogo. Nunua gata pamoja na bati, na uongeze kipande kimoja cha akiba. Kihifadhi stoo, kwani siku ngazi ya fundi wa dishi itakapobonyeza gata utakihitaji.

Nijaribuje rangi kabla ya kulipa?

Usiamue kwa picha ya simu wala kwa kadi ndogo ya dukani. Omba kipande halisi, hata cha sentimita 30, ukipandishe mpaka kwenye fisha bodi na ukifunge kwa waya. Kisha kitazame kutoka getini asubuhi, saa sita mchana na jioni. Saa sita huku kwetu upenu hutupa kivuli kizito, na rangi iliyoonekana ya wastani dukani hugeuka karibu nyeusi pale juu. Jioni mwanga wa machungwa huifanya kijivu ionekane ya zambarau. Ukikipenda nyakati zote tatu, nunua.

Naweza kupaka rangi gata za PVC zilizokwisha kufungwa?

Ndiyo. Zioshe kwa sabuni, zikaushe, pitisha msasa laini ili uondoe mng'ao tu, futa vumbi, kisha paka rangi ya akriliki ya nje inayochanganywa na maji, mikono miwili myembamba. Usiende kwenye rangi nzito sana kuliko ile ya asili, kwa sababu ya joto nililolieleza juu. Na usipake ndani ya gata.

Na gata za bati la zinki?

Hapa kuna mtego. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hushika vizuri mwanzoni, kisha baada ya muda hubanduka kwa magamba makubwa. Mafuta yaliyo ndani ya rangi hukutana na zinki na kutengeneza kitu cha namna ya sabuni kati ya rangi na bati, na sabuni haishiki. Dawa yake ni praima (rangi ya msingi) iliyoandikwa kuwa ni ya bati la zinki, ndipo uje na rangi ya juu. Fundi akikuambia praima ya chuma cheusi inatosha, mwonyeshe mabati ya kibanda chochote cha barabarani kilichopakwa hivyo.

Ninakinga maji ya gata kwa matumizi ya nyumbani. Rangi ina madhara?

Inaweza kuwa nayo, na jambo hili ni zito kuliko uzuri wote wa nyumba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linaingiza karibu lita 1,000 kwenye simtanki, ukiacha kidogo kinachopotea. Maji yote hayo hupita juu ya rangi yako.

Adui ni risasi, madini ya sumu yaliyotumika katika baadhi ya rangi za mafuta, hasa za manjano, nyekundu na kijani kali. Huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Nunua rangi yenye alama ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na iliyoandikwa wazi kwamba haina risasi. Ndani ya gata usipake chochote, na maji ya mvua ya kwanza baada ya kupaka yaache yamwagike.

Kama unarithi nyumba ya zamani yenye gata zilizopakwa tabaka nyingi, usizikwangue kwa msasa mkavu watoto wakiwa karibu. Ziondoe nzima, uweke mpya.

Nyumba iko karibu na bahari, Tanga au Kilifi. Rangi inabadilika?

Rangi inabaki hiyohiyo, malighafi ndiyo ibadilike. Chumvi hula bati kuanzia pale lilipokatwa na pale msumari ulipopita, na kutu hushuka ukutani kwa michirizi ambayo hakuna rangi inayoificha. PVC na aluminiamu zinafaa zaidi. Ukichukua aluminiamu, usiifunge kwa misumari ya shaba wala kuruhusu maji yanayotoka kwenye shaba kupita juu yake, itatoboka. Kwa rangi, nyeupe iliyovunjwa kidogo, yaani isiyo nyeupe pee, na kijivu chepesi hupatana na kuta za chokaa na huficha ukoko wa chumvi.

Na paa la makuti? Liache bila gata. Maji yaanguke kwenye mfereji wa kokoto uliochimbwa chini, kuzunguka nyumba.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu. Naweza kuchagua nipendavyo?

Si kabla ya kuuliza. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na mabadiliko ya sura ya nje yanahitaji kibali cha mamlaka ya hifadhi. Katika kuta hizi za mawe ya matumbawe na chokaa, gata ni kinga ya uhai wa jengo, kwa kuwa maji yakipenya hulainisha chokaa na kuozesha boriti. Kwa hiyo zifungwe, ila kwa rangi inayokaribia chokaa ya ukuta, bomba lisipite juu ya mlango wa nakshi.

Mimi nataka kahawia, mume wangu anataka nyeupe. Tusaidie.

Tazameni madirisha yenu. Fremu zikiwa nyeupe, baba ana hoja, na fisha bodi iwe nyeupe pia. Zikiwa za kahawia, nyeusi au za mbao, mama ana hoja. Gata isiyo na mwenzake popote kwenye nyumba itaonekana mgeni, hata kama rangi yenyewe ni nzuri.

Fundi ameshafunga, na rangi haijakaa. Lazima nizitoe zote?

Mara nyingi hapana. Anza na mabomba: yapake rangi ya ukuta, kisha rudi getini utazame tena. Kama bado, paka fisha bodi ilingane na gata, kazi ya siku moja yenye ngazi nzuri. Yakishindikana yote mawili ndipo ufikirie kuipaka gata yenyewe kwa njia zilizoelezwa hapo juu. Kuzitoa kuwe kwa gata zilizojikunja, zinazovuja au zilizoota kutu, na hapo mpya ziagizwe kwa namba ya rangi, pamoja na kipande kile cha akiba.